Makanisa ya mwamba ya Lalibela: maswali yenu na majibu

Tangu safu hii ilipoyagusa makanisa ya Lalibela kule Ethiopia, barua hazijakoma. Nimechagua zile zinazofungua mazungumzo, na zilizofanana nimezijibu pamoja. Kwa anayejiunga leo: Lalibela ni mji mdogo wa milimani katika jimbo la Amhara, takriban mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na zamani uliitwa Roha. Hapo pana makanisa 11 ya zama za kati yaliyochongwa kwenye mwamba. Mapokeo yanayahusisha na Mfalme Gebre Meskel Lalibela wa ukoo wa Zagwe, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13. UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1978, yakiwa miongoni mwa maeneo 12 ya kwanza kabisa kuorodheshwa. Waumini wa Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia wanasali humo mpaka leo.

Mimi ni fundi mwashi. Kazi yangu huanza na msingi, kisha kuta, mwisho paa. Nasikia kule walianza na paa. Inawezekanaje? Na vifusi vyote vile walivipeleka wapi? (Morogoro)

Fundi, umesikia sawa. Walianza juu wakashuka. Mwamba wa pale ni wa volkano, mwekundu, laini kiasi cha kukubali tindo. Mafundi walichagua mahali juu ya mwamba, wakachimba handaki pande zote nne hadi kikabaki kipande kimoja kikubwa katikati ya shimo, kimeshikana na ardhi upande wa chini tu. Kipande hicho ndicho kanisa. Kisha wakachonga sura ya nje, wakapenya kupitia madirisha na milango, wakaanza kutoa mwamba wa ndani: hapa wanaacha nguzo, pale wanaacha tao, huku wanaacha nakshi ya dari. Nguzo unazoziona ndani hazikusimamishwa na mtu. Zilibakizwa.

Wewe unayeijua kazi utaelewa uzito wake haraka kuliko sisi wengine. Mwashi akikosea tofali analing'oa na kuliweka upya. Pale, nguzo iliyokatwa kupita kiasi ndiyo imekatwa, haina dawa. Ilibidi mtu awe na jengo zima kichwani, na vipimo vyake vyote, kabla tindo halijagusa mwamba. Chukua Bete Medhane Alem, kanisa la Mwokozi wa Ulimwengu, lililo kubwa kuliko yote: urefu wake ni takriban mita 33, upana 23, kimo 11. Nje limezungukwa na safu ya nguzo, na ndani safu nyingine zinaligawa katika njia tano. Baadhi ya nguzo za nje zilianguka na kujengwa upya katika karne ya 20, na ukiangalia vizuri unaiona tofauti kati ya mawe yaliyopangwa na mwamba wa asili.

Maji nayo waliyafikiria. Mvua kubwa za Juni hadi Septemba zingeyageuza mashimo yale kuwa mabwawa. Ndiyo maana pana mteremko kwenye sakafu za nyua na mifereji inayotoa maji nje, na mkondo mkuu unaopita kati ya makundi mawili ya makanisa unaitwa Yordani. Pia si makanisa yote yaliyotenganishwa kabisa na mlima. La Abba Libanos limechongwa pande zake zote, lakini paa lake bado ni mlima wenyewe.

Kuhusu vifusi, swali lako liliwasumbua hata watafiti, na wengine wasio watafiti wakalitumia kudai kwamba kuna muujiza. Wanaakiolojia wa Kifaransa waliochunguza mandhari ya mji wameyatambua marundo ya vifusi pembeni mwa makanisa. Walichokiona muhimu zaidi ni kwamba uchongaji ulifanyika kwa awamu. Kuna vyumba vilivyoanza kama mapango madogo vikapanuliwa, na kuna milango iliyobaki juu ukutani bila njia ya kuifikia kwa sababu ua uliokuwa mbele yake ulichimbwa zaidi baadaye. Mtaalamu David Phillipson amependekeza kwamba sehemu kongwe, kama Bete Gabriel-Rufael na Bete Merkorios, zilichongwa karne kadhaa kabla ya Lalibela kuzaliwa, pengine kama ngome au makao ya watawala, zikageuzwa makanisa baadaye. Mimi nalikubali wazo la awamu bila shida. Halimpunguzii mfalme chochote.

Assalaam alaykum. Sisi Waislamu tunamkumbuka Najashi wa Habasha aliyewapa hifadhi maswahaba wa Mtume. Je, huyu Mfalme Lalibela ni wa ukoo wake? (Mombasa)

Wa alaykum salaam warahmatullah, ndugu yangu. Nchi ni ile ile ya Wahabeshi, ila zama ni tofauti. Hijra ya kwanza, mnamo mwaka 615, ilielekea ufalme wa Aksum, ambao mji wake mkuu uko kaskazini, katika Tigray ya leo. Kutoka Najashi hadi Lalibela ni zaidi ya miaka 500, na katika muda huo Aksum ilififia na nguvu zikahamia kusini. Zagwe walikuwa watu wa jamii ya Agaw kutoka eneo la Lasta. Mwaka 1270 walipinduliwa na Yekuno Amlak, ambaye ukoo wake ulidai kutokana na Nabii Suleiman na Malkia wa Sheba, na waandishi wa ukoo huo mpya waliwaita Zagwe wanyang'anyi wa kiti. Hata hivyo Kanisa lao lilimtangaza Lalibela kuwa mtakatifu, na wanaomwomba leo hawajali alitoka ukoo gani.

Kinachomuunganisha na Aksum ni mawe, na hilo nalieleza kwenye jibu linalofuata. Wewe wa pwani nakuongezea jambo moja. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Kilwa nayo ilikuwa inapanda. Kwa hiyo wakati Lalibela anatawala, huku chini mafundi walikuwa wakikata matumbawe na kule juu wenzao wakichonga volkano. Vitabu vya shule hutufundisha kila kimoja kwenye sura yake, mbalimbali, na mimi naona tunapoteza mengi kwa kutoviweka pamoja.

Shikamoo mwalimu. Nimeona video inayosema makanisa haya yalijengwa na Templars, wapiganaji wa msalaba kutoka Ulaya, kwa sababu Waafrika wa wakati ule hawakuwa na utaalamu huo. Kuna ukweli wowote? (Mwanafunzi, Nairobi)

Marahaba mwanangu. Hakuna. Hakuna hati, kaburi wala jiwe lenye maandishi yao lililopatikana pale. Lakini sitaki uniamini kwa kuwa nimesema, nataka ukaangalie madirisha.

Kwenye makanisa ya kale ya Uhabeshi, ya mtindo wa Aksum, kuta zilijengwa kwa mawe na mbao zikipishana, tabaka la jiwe, tabaka la gogo. Ili mbao zishike, vipande vifupi vya magogo vilipitishwa ukutani na ncha zake zikachomoza nje. Wenyeji huziita vichwa vya nyani. Utaziona Debre Damo, monasteri ya kale kule Tigray. Utaziona pia Yimrehanna Kristos, kanisa lililojengwa ndani ya pango si mbali na mji wa Lalibela, ambalo mapokeo yanasema ni la mfalme wa Zagwe aliyemtangulia Lalibela. Kuta zake bado zina zile tabaka nyeusi na nyeupe za mbao na chokaa.

Sasa nenda Lalibela, usimame mbele ya Bete Amanuel. Kuta zake zina mistari ya kulala, mmoja umetoka nje, unaofuata umeingia ndani, kuanzia chini hadi juu. Pembe nne za fremu za madirisha zina vitofali vya mraba vilivyochomoza. Hakuna gogo hata moja pale, wala hakuna haja ya gogo, maana jengo lote ni jiwe moja. Fundi alichonga kwenye mwamba alama ya mbao ambazo babu yake alijengea. Mgeni kutoka Ulaya angetoa wapi tabia hiyo? Ongeza kwamba Tigray kuna makanisa ya mwamba yaliyotangulia haya, kama Abraha we Atsbeha na Wuqro Cherqos. Ufundi huu ulikuwa na wazazi, na wazazi wenyewe wanajulikana. Pia kuna madhabahu za mbao zenye jina la mfalme kwa lugha ya Ge'ez, na hati za kugawa ardhi za enzi yake zilizonakiliwa kwenye kitabu cha Injili.

Dai la wageni ni la zamani kuliko intaneti. Kasisi Mreno Francisco Álvares, aliyekuwa Ethiopia miaka ya 1520, aliandika kwamba aliambiwa kazi yote ilichukua miaka 24 na ilifanywa na watu weupe. Hayo ni masimulizi aliyoyasikia miaka 300 baada ya mfalme kufa. Álvares huyohuyo alisema alichoka kuendelea kuyaelezea makanisa hayo kwa kuhofia kwamba wasomaji wake hawatamwamini. Kwamba Misri ilichangia kitu si jambo la kushangaza, kwani askofu mkuu wa Ethiopia alikuwa akiletwa kutoka Kanisa la Kikopti, na huenda mafundi kadhaa waliandamana na mapadri. Lakini nyumba ile inaongea Kihabeshi kutoka kizingiti hadi paa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na hawa hawakuwa hata wanyonge.

Tunasikia hadithi za nyuki, sumu na malaika. Zilitoka wapi, na wenyeji wanaziamini? (Bujumbura)

Nyingi zinatoka kwenye kitabu cha maisha ya mtakatifu huyu, Gadla Lalibela, kilichotungwa miaka mingi baada ya kifo chake, pengine katika karne ya 15. Inasimuliwa kwamba alipozaliwa kundi la nyuki lilimzunguka mtoto bila kumdhuru, na mama yake akasema nyuki wamemtambua mfalme wao. Kaka yake aliyekuwa kwenye kiti, Harbay, akaingiwa na wivu. Lalibela akalishwa sumu, akalala siku tatu kama mfu. Katika siku hizo malaika walimpandisha mbinguni wakamwonyesha makanisa ya mwamba ambayo hajawahi kuyaona mtu, na Mungu akamwagiza ashuke ayatengeneze duniani. Alipoamka, kaka yake alijuta na kumwachia ufalme.

Kisha inakuja sehemu ninayoipenda. Mchana watu walifanya kazi, jioni wakaweka zana chini wakaenda kulala, na usiku malaika wakashika zamu. Kila asubuhi mafundi walikuta kazi imesogea mara mbili ya walivyoiacha. Na mjane wa mfalme, Meskel Kibra, anasemekana alisimamisha Bete Abba Libanos kwa usiku mmoja akisaidiwa na malaika, kumkumbuka mumewe.

Wenyeji wanaziamini? Mapadri wanazisimulia kwa sauti ileile wanayosomea Injili, na mimi nawaheshimu kwa hilo. Mtu anaweza kuijua historia ya awamu na vifusi na bado akaelewa kwa nini kizazi kilichoyakuta makanisa haya yamekamilika kiliona kwamba mikono ya watu peke yake isingetosha. Anayesema malaika walisaidia anamkiri fundi kwamba aliishika kazi ile kila siku. Anayesema Templars walijenga anamfuta kabisa.

Kuna simulizi nyingine inayorudiwa sana: kwamba Salah ad-Din alipoichukua Jerusalem mwaka 1187, mfalme akaamua kuwajengea watu wake Jerusalem mpya ili wasihitaji safari. Majina yapo kweli: Yordani, Golgotha, Bete Lehem, hata kaburi la Adamu. Ila Wahabeshi hawakuacha kuhiji Jerusalem baada ya mwaka huo, na baadhi ya wanahistoria wanaona majina hayo yalikusanyika polepole. Kwa hiyo sababu ya hija kufungwa siipi uzito. Nia ya kuileta nchi takatifu karibu naiona kila kona.

Mwanamke anaruhusiwa kuingia? (Dodoma)

Ndiyo, dada yangu, karibu kote. Desturi inawazuia wanawake kuingia Bete Golgotha, ambako inasemekana mfalme amezikwa, na kikanisa cha Selassie kilichopo ndani yake. Kwingine wanaume na wanawake husali pande tofauti, na utafunika kichwa kwa netela, ile shuka nyepesi nyeupe ya Kihabeshi, au mtandio wako. Kwenye ua wa Bete Maryam kuna birika lililochimbwa mwambani, na wakati wa Krismasi wanawake wanaotafuta mtoto huingizwa katika maji yake wakiombewa.

Ninafundisha sanaa sekondari. Ukiacha ujenzi, kuna nini cha kuangalia humo ndani? Naomba mifano ya kuwaonyesha wanafunzi. (Arusha)

Mwalimu, anza na Bete Maryam wala usiharakishe. Ndilo linalopendwa kuliko yote na waumini, na ndilo lenye picha nyingi. Juu ya ukumbi wa magharibi kuna wapanda farasi wawili wamechongwa kwa kuchomoza kidogo ukutani, wanapigana na mnyama kama joka. Ndani, kuta za juu, matao na dari vimepakwa rangi: Mariamu akipashwa habari, mwanamke Msamaria kisimani, mtu aliyepooza akibeba kitanda chake baada ya kuponywa. Katikati ya hayo kuna wanyama, na fahali wawili, mmoja mweusi na mmoja mweupe, wamegonganisha pembe. Mapadri wanasema ni wema na uovu. Wanafunzi wako wataanza na fahali, waache waanze hapo.

Ukitoka nje tazama tena madirisha. Karibu kila dirisha lina umbo lake la msalaba, na hakuna haja ya kioo, mwanga unapita kwenye matobo ya msalaba wenyewe. Kuna madirisha matatu ambayo waongozaji huyasimulia hivi: la kati ni Kristo, pembeni ni wale wanyang'anyi wawili. Mmoja alitubu, dirisha lake lina tundu dogo juu, njia ya kwenda mbinguni. Mwingine hakutubu, tundu lake liko chini. Somo zima la kateksimu limechongwa kwenye matundu mawili, na mtu asiyejua kusoma analipata akiwa amesimama uani.

Ndani ya kanisa hilohilo kuna nguzo iliyofungwa kitambaa kuanzia juu hadi chini. Mapokeo yanasema Kristo aliigusa, na kwamba juu yake yameandikwa yaliyopita na yatakayokuja. Haifunuliwi. Usimwombe padri aifunue, hata kwa utani.

Golgotha ina kitu cha nadra katika sanaa ya Ethiopia, nacho ni watakatifu wenye kimo cha mtu, waliochongwa ukutani ndani ya matao. Kanisa la Ethiopia limependelea picha kuliko sanamu, hivyo kuwakuta wamesimama pale kwenye giza, na nguo zao zenye mikunjo iliyochorwa kwa mistari sambamba, kunashtua. Ndiyo kazi ninayoiweka juu ya zote pale, na inaniuma kwamba nusu ya watu hawaruhusiwi kuiona.

Waonyeshe pia misalaba ya maandamano. Mashuhuri zaidi unaitwa Afro Ayigeba, unatunzwa Bete Medhane Alem. Mwaka 1997 uliibiwa, ukaja kuonekana Ubelgiji kwa mkusanyaji wa vitu vya kale, na ukarudishwa. Watu wa mji waliulilia kama jamaa aliyetekwa, na uliporudi ulipokewa kwa shangwe.

Je, ni kweli kuna nyayo za farasi wa Mtakatifu George ukutani? (Tanga)

Kuna alama, na watu wanazionyesha kwa kidole bila kusita. Simulizi lake ni kwamba makanisa mengine yalipokamilika, Mtakatifu George alimjia mfalme amepanda farasi, amekasirika: mmejenga kote, langu liko wapi? Mfalme akamwahidi zuri kuliko yote. Mtakatifu akashuka mwenyewe kusimamia kazi, na kwato za farasi wake zikaacha alama kwenye ukuta wa njia ya kuingilia.

Na mfalme alitimiza ahadi. Bete Giyorgis liko peke yake, magharibi mwa mengine, na ukija kwa juu hulioni mpaka ufike ukingoni. Paa liko usawa wa miguu yako: msalaba wenye mikono minne iliyo sawa, na ndani yake umechongwa msalaba wa pili, na ndani ya huo wa tatu. Halafu macho yanashuka mita kama 12 hadi sakafu ya shimo. Madirisha ya chini ni ya kuziba, yana zile pembe za vichwa vya nyani. Ya juu yako wazi, yamemalizikia kwa ncha iliyopambwa majani. Fundi huyu alikuwa na mitindo miwili mkononi, wa kale na wa zama zake, akaiweka mmoja juu ya mwingine kwenye ukuta mmoja, na hakuna unaomharibia mwenzake. Kanisa hili halina kipaa cha kisasa cha kulikinga na mvua kama baadhi ya mengine, ndiyo maana picha nyingi unazoziona ni zake.

Na maiti ukutani? (Tanga, barua hiyohiyo)

Zipo. Kwenye vijipango vya ukuta wa shimo la Bete Giyorgis kuna mabaki ya watu yaliyokauka, wanaosemekana kuwa mahujaji waliotaka kulala mahali patakatifu. Ni marehemu, na familia ya kanisa inawaona hivyo. Nashauri kamera ibaki mfukoni.

Naishi Minneapolis, majirani zangu wengi ni Wahabeshi. Wananiambia makanisa yanapasuka na kwamba vita vilifika. Hali ikoje? (Marekani)

Majirani zako wanasema kweli. Ulaini ule uliomsaidia fundi ndio unaoyamaliza makanisa leo: mvua inapenya, jua linakausha, nyufa zinapanuka, na kuvu inakula uso wa mwamba pamoja na michongo. Katikati ya karne ya 20 matengenezo fulani yaliyapaka lami na rangi, na msanifu Mwitalia Sandro Angelini akaja kutumia miaka kadhaa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kuiondoa. Mwaka 2008 vilisimamishwa vipaa vikubwa vya kisasa juu ya makanisa matano, kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Vilikusudiwa kukaa kwa muda tu. Bado vipo, juu ya nguzo za chuma, na wenyeji wameeleza hofu yao mara nyingi kwamba upepo ukivitikisa, mwamba chini yake unatikisika pia. Rais Emmanuel Macron alifika Machi 2019, na baada ya hapo Ufaransa na Ethiopia zikaanza mradi wa pamoja wa uhifadhi na mafunzo kwa wenyeji.

Mimi naona mafunzo ndiyo muhimu kuliko vipaa. Mji ule una wachongaji hai, wanaojua mwamba ule unavyoitikia chombo, na miaka mingi walikuwa wakiangalia wageni wakifanya majaribio.

Vita vya Tigray vilifika Agosti 2021, mji ukabadilika mikono zaidi ya mara moja hadi Desemba mwaka huo. Makanisa yalinusurika. Walioumia ni watu: watalii walitoweka, na mji ambao karibu kila nyumba inakula kutokana na mahujaji na wageni ulikaa bila kipato. Tangu 2023 jimbo la Amhara limeingia kwenye mapigano mengine. Anayepanga safari aulize hali ya wiki ileile, kwa watu walioko pale.

Mimi ni mwanakwaya wa Kilutheri. Nimesikia ibada yao ya Krismasi ina uimbaji wa aina yake. Tuambie kidogo. (Moshi)

Krismasi yao, Genna, huangukia Januari 7 kwa kalenda yetu, na mapokeo yanasema mfalme Lalibela alizaliwa siku hiyohiyo. Mahujaji hufika kwa maelfu, wengi kwa miguu, siku kadhaa kabla, wamevaa nguo nyeupe, wamefunga kula nyama na maziwa kwa zaidi ya mwezi.

Kwa mwanakwaya, jambo la kusikiliza ni Beza Kullu asubuhi ya Genna kwenye ua wa Bete Maryam. Kundi moja la mapadri na waimbaji, wanaoitwa debtera, husimama juu kwenye ukingo wa mwamba, na kundi jingine chini uani. Wa chini wanaimba, wa juu wanajibu: hao wa juu ni malaika, hao wa chini ni wanadamu. Ala ni chache. Kuna ngoma kubwa ya pande mbili, kebero. Kuna tsenatsil, kayamba ndogo ya chuma inayoshikwa kwa mkono mmoja. Na kuna mequamia, fimbo ndefu ambayo mwimbaji huiegemea wakati wa saa nyingi za kusimama, kisha huiinua na kuishusha kwa mapigo. Wanacheza taratibu, mstari mzima kwa pamoja, na mwendo unaongezeka bila wewe kutambua ulipoongezeka.

Muziki wenyewe wanausema ni wa Mtakatifu Yared wa Aksum, karne ya 6, na una njia tatu: ge'ez, ezl na araray. Debtera hujifunza kwa miaka mingi. Kwaya zetu zinazofanya mazoezi jioni tatu kabla ya Pasaka zina la kuwaiga hapo, nasema kwa upendo.

Nikipata siku moja tu, nianzie wapi? (Kampala)

Anza asubuhi na mapema Bete Maryam, wakati ibada inaendelea, ukae kimya pembeni. Kisha Medhane Alem lililo jirani, na Golgotha kama wewe ni mwanaume. Mchana vuka Yordani kwenda kundi la pili: Amanuel kwa ajili ya zile kuta za mistari, halafu lile handaki lenye giza linaloelekea Bete Lehem, ambalo wenyeji huliita njia ya jehanamu na hupenda ulipite bila taa, mkono mmoja ukutani. Bete Giyorgis lipe saa za alasiri, na uliangalie kwanza kutoka juu kabla ya kushuka. Tafuta mwongozaji wa hapohapo mjini, na vaa viatu vyepesi kuvua, maana utavivua kwenye kila mlango.